Filimbi Yenye Ngozi ya Kenge

Mtu akikuletea filimbi ya tete na kukuapia kwamba ilikuwa ya babu yake, usiangalie filimbi kwanza. Angalia vidole vyake. Kama filimbi ina masizi na vidole navyo vina masizi, mkaribishe kiti, mpe chai, halafu muulize babu alikufa lini. Wengi chai huwapalia hapo hapo.

Nawaandikia nyinyi vijana kwa sababu kila mkinikuta hapa Kabiro, Kawangware, nikigeuzageuza sukuma wiki kabla ya kumlipa mama mboga, mnacheka na kusema, "Huyu mathe haamini mtu." Ni kweli. Nililipwa mshahara ili nisiamini watu. Nilikuwa mtunza ghala katika jumba fulani la makumbusho hapa Nairobi, upande wa ala za muziki. Jumba lenyewe silitaji, maana baadhi ya wakubwa wangu bado wako hai na wanapenda kupiga simu. Wenzangu waliniita CID. Wao walidhani wananitania, mimi nikalichukua kama cheo.

Jina hilo nilipewa na Mzee Mutiso, mkuu wa ghala, mtu wa Machakos aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Kulikuwa na siku mtu alituletea filimbi ndefu, nyeusi tititi, imezungushiwa kamba za mgomba. Mutiso akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Akasema vitu kama hivi havipatikani tena. Mimi nikaomba kuinusa. Ikanuka waya ulioungua. Kumbe ilikuwa bomba la plastiki, lile la kupitishia nyaya za stima ukutani, limebabuliwa kwenye makaa hadi likakunjamana. Mutiso akaniangalia, akamwangalia yule mwenye kuuza, ambaye wakati huo alikuwa ameshaukaribia mlango. "CID," akaniambia, "kuanzia leo wewe ndiye utakuwa unanusa."

Basi nikanusa kwa miaka yangu yote iliyobaki.

Hebu niwape kidogo nilichojifunza, msije mkasema mathe alikufa na mambo yake. Filimbi iliyopulizwa kweli haina mashimo ya mviringo sawasawa. Kidole hakipandi na kushuka wima, kinateleza, na miaka ikipita shimo hulika upande mmoja. Mghushi hajui hilo, au anajua lakini ana haraka, kwa hiyo hupiga msasa pande zote. Halafu chungulia ndani. Nyumbani filimbi ilichomekwa kwenye paa juu ya jiko, ndiyo maana ni nyeusi nje. Lakini karibu na tundu la kupulizia ndani huwa safi, kwa sababu pumzi na mate yamepita hapo kila siku. Ukiona masizi mpaka ndani kabisa, filimbi hiyo haijawahi kuimba. Imening'inizwa tu, kama nyama.

Na msiziweke dirishani. Nilishuhudia filimbi za watu wa ziwani zikipasuka zenyewe kabatini, pa! katikati ya mchana, mpaka msichana wa usafi akakataa kuingia peke yake akisema kuna mtu anatupa vijiti. Hakukuwa na mtu. Tete lilikua likinywa maji ya ziwa, ukilileta kwenye hewa kavu ya Nairobi linakauka na kujipasua. Mutiso alinifundisha kuweka bakuli la maji kwenye kabati. Wakubwa walikuja kuondoa bakuli wakidhani ni ushirikina.

Adui mwingine alikuwa fukusi. Mdudu huyu anaingia kwenye tete kwa tundu dogo kuliko ncha ya sindano, anakula ndani kwa ndani, na wewe unabaki na ganda. Dawa yake zamani ilikuwa unga mweupe. Mutiso aliutia kwa kijiko cha chai kwenye kila filimbi, kisha anaigonga polepole ili unga ushuke hadi mwisho. Hivyo ndivyo wazungu waliomtangulia walivyomfundisha, na hakuna aliyevaa kitambaa mdomoni. Tulikuwa tukimaliza tunanawa, tunaenda kula githeri. Baadaye ndipo tukaambiwa unga ule ni hatari kwa binadamu kama ulivyo kwa fukusi, na hautoki kwenye tete hata ufanye nini. Tukaletewa friza badala yake. Filimbi inafungwa kwenye nailoni, inagandishwa, mdudu anakufa kwa baridi. Njia nzuri, isipokuwa siku moja nilifungua kifurushi nikitarajia zumari nikakuta kuku mzima. Nilimweka yule kuku mezani, nikakaa mbele yake, nikasubiri nione nani atakuja kumuulizia. Alikuja mtu wa ofisi ya juu, tena kwa tai. Akasema alikuwa anapita tu.

Friza haikuondoa unga wa zamani, ingawa. Zile zilizokuwepo kabla ya hapo zilibaki na unga wao tumboni. Ndiyo maana sheria ya ghala letu ilikuwa moja tu ambayo haikuwa na mjadala: mdomo wa mtu usiguse filimbi yoyote ya kabatini. Na sheria hiyo ndiyo iliyonikutanisha na Ouma.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hivi. Askari wa mlangoni aliniita, akasema kuna mtu amesimama mbele ya kabati la kioo na hasogei. Mtu wa kawaida akija makumbusho hutembea, anaangalia, anatafuta choo, anaenda. Anayesimama mahali pamoja anapanga jambo. Nikashuka.

Nilimkuta mwanamume wa makamo, mikono imejaa gundi ya viatu, macho yake kwenye filimbi moja tu. Ni ile ya kupulizwa kwa ubavu, iliyofungwa utepe wa ngozi ya kenge katikati.

"Sasa, madam," akasema bila kunitazama.

"Sasa. Nikusaidie na nini?"

"Hiyo filimbi ni ya mzee wangu."

"Iko na jina lake?"

"Iko na ngozi yake. Tete ilipasuka hapo, akawinda kenge, akaifunga. Mimi ndio nilishika kamba, nilikuwa mdogo. Halafu kuna mgeni alikuja nyumbani akasema anaenda kuipiga picha." Akacheka kidogo. "Hiyo picha ilichukua muda."

Akanieleza kwamba anaitwa Ouma, anashona viatu Sarang'ombe, kule Kibera, na anaishi Kambi Muru. Mama yake ameletwa kutoka nyumbani kwa sababu ya kifua. Macho yameshakwisha, na madaktari wamesema arudishwe tu akapumzike. Kabla ya kurudi ana ombi moja: aisikie filimbi ya marehemu mumewe.

Nikasema moyoni, haya, mama mgonjwa huyo amefika. Kila mwongo niliyewahi kukutana naye Nairobi alikuwa na mama mgonjwa. Ningekusanya mama wote niliotajiwa pale kwenye meza yangu, hospitali zote zingejaa.

"Haipulizwi," nikamwambia. "Iko na sumu ndani."

Hapo ndipo aliponigeukia, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Madam, nyinyi mkitaka kunyima mtu kitu, mnasema iko na sumu. Hata kanjo wa jiji wakitaka kumwaga samaki ya watu wanasema iko na sumu."

Alirudi tena, na tena. Hakunisumbua. Alikuwa anasimama pale pale mbele ya kioo. Siku moja nilijificha nyuma ya kabati la ngoma nikamwona anaweka vidole kwenye kioo, kidole gumba hapa, cha kati pale, kisha anaviinua bila kuvitenganisha na kuvilaza juu ya kijiti alichokuwa nacho. Alikuwa anapima! Anapima umbali wa shimo mpaka shimo. Nikasikia damu ikichemka. Mtu anayemlilia baba yake hapimi.

Basi Jumapili baada ya kanisa sikurudi nyumbani. Nilitoka Kawangware kwa miguu, kitambaa cha kanisa bado kichwani, nikakata Ngong Road nikateremkia Kibera kumchunguza. Sikumwambia mtu. Nilijiambia nitauliza kwa ujanja, lakini mwapajua Kibera. Ukiuliza mtu pale, unaulizwa wewe.

"Ouma gani?" akasema mama mmoja aliyekuwa anakaanga mgongo wazi kando ya njia, ile mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kuuzwa kwa wenye nazo. "Hapa akina Ouma ni wengi. Wewe ni wa kanjo ama umetumwa na landlord?"

"Mimi ni wa kanisa."

"Kanisa gani hiyo inatembea ikiangalia watu kwa paa?"

Maana kweli nilikuwa nimeinua macho. Juu ya jiko lake, kwenye waya uliopitishwa chini ya mabati, zilining'inia filimbi za tete, ndefu na fupi, zikifukizwa moshi wa mafuta ya samaki. Nikazinusa kutoka pale nilipokuwa nimesimama, nikajua. Kwa muda mrefu tulikuwa tukiletewa filimbi "za kale" zenye harufu moja ambayo Mutiso alishindwa kuitambua. Aliwahi hata kusema huenda ni mafuta ya mizimu. Kumbe ni mgongo wazi.

"Hizo ni za nini?" nikauliza.

"Za huyo Ouma ya viatu. Analetewa matete na watu wa basi, anazikausha hapa. Wazungu wanazipenda zikiwa nyeusi. Unataka kununua?" Sauti yake ilikuwa imelainika sasa. "Lakini hiyo ya gazeti usiguse. Hiyo hauzi."

Ilikuwa imening'inizwa peke yake, imezungushiwa gazeti, lakini gazeti lilikuwa limelegea. Nikaona utepe wa ngozi ya kenge.

Nilirudi Kabiro nimefurahi, na ilikuwa furaha mbaya, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimempata. Mghushi aliyekuwa akitulisha matapishi kwa miaka, tena sasa ametengeneza pacha wa filimbi yetu. Anataka kuingia na ya uongo atoke na ya kweli. Sikumuulizia mama yake kule Kibera hata kidogo, kwa nini nimuulizie mtu ambaye hayupo?

Jumatatu nikamweleza Mutiso. Akasikiliza huku anapangusa miwani. "Mpe ruhusa aje," akasema. "Mwambie ataishika ndani ya ghala, mbele yetu, bila kuipuliza, halafu tumpelekee huyo mama aiguse kama yupo. Akijaribu kubadilisha, tunamshika hapa hapa. Askari awe karibu."

Na kweli Ouma alikuja. Jua lilikuwa linawaka lakini alikuwa amevaa koti, na mimi nikaliangalia lile koti kama paka anavyoangalia shimo. Mkononi alikuwa amemshika bibi mwembamba sana mwenye leso mbili, hatua zake fupi, kifua kikilia kama mlango wa zamani.

Sikuamini hata hapo. Nairobi unaweza kuazima bibi. Tulipomkalisha kwenye benchi la veranda, kwa sababu harufu ya ghalani ingemzidia, nilimsogelea nikapunga mkono mbele ya macho yake, mara moja, mara mbili, nione kama atapepesa.

"Huyu anayenipepea ni nani?" bibi akauliza.

"Ni mimi, mama. Mfanyakazi wa hapa."

"Asante, lakini sisikii joto. Wewe ni binti ya wapi?"

"Maragoli, mama."

"Watu wa Maragoli mko na maneno mengi. Ngoja nisikie mume wangu kwanza, tutaongea."

Tukamwacha pale, tukaingia watatu. Askari alikuwa kwenye kona ya jengo, kama tulivyopatana. Mutiso akatoa filimbi kwenye kabati, akailaza juu ya kitambaa cheupe. Nikampa Ouma glavu.

"Nitashika aje na hizi soksi za mikono?" akasema, lakini akavaa moja. Mfuko wa kushoto wa koti lake ulikuwa umebenuka kwa urefu. Mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye mfuko ule. Nilisogea mpaka nikaziba mlango.

Aliichukua filimbi, akapitisha kidole gumba juu ya ngozi ya kenge, mara moja, mara mbili. Akatafuta kwa kidole fundo la ile kamba aliyoishika utotoni. Nikajiambia, anaigiza vizuri. Akaingiza mkono kwenye koti. Nikakaza miguu. Lakini ulikuwa mkono wa kulia, mfuko wa kulia, na kilichotoka ilikuwa chupa ya maji ya kumezea dawa za mama. Akaifungua kwa meno. Kabla hata sijaelewa anafanya nini, akaiinamisha juu ya filimbi na kumimina.

Vijana, hilo ndilo jambo ambalo mimi na Mutiso, na vyote tulivyojua, hatukulifikiria. Mpulizaji wa tete hapulizi tete kavu. Kabla ya chochote hulinywesha maji, livimbe kidogo, nyufa zijifunge, sauti iwe na uzito. Ouma alikuwa ameshika filimbi zilizonyweshwa maji tangu akiwa mtoto. Alikuwa ameahidi kutopuliza, na nadhani alikusudia kutimiza ahadi hiyo mle ndani, lakini mikono haikuulizwa. Ilifanya ilichozoea, na tayari ilikuwa inainua filimbi kuelekea mdomoni.

Maji yakatokea upande wa pili. Yalikuwa meupe, meupe kama maji ya kuoshea mchele, na yakatiririka juu ya kitambaa, juu ya meza, yakadondoka kwenye kiatu chake. Harufu ya ule unga wa zamani ikajaa chumba.

"Usitie mdomo!" Mutiso akapiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele kabla ya siku hiyo.

Ouma akasimama hivyo hivyo, filimbi iko karibu na kidevu. Akaangalia maji. Akaangalia kiatu. Akaniangalia mimi.

"Kwani ni ukweli?" akasema.

"Nilikwambia."

"Ni nini hii?"

"Dawa ya fukusi," Mutiso akajibu. "Ilikuwa ili isiliwe."

"Mlimwekea mzee wangu sumu kwa mdomo."

Mutiso alikaa chini, kwenye sanduku la marimba. "Ni mimi," akasema. "Kwa kijiko." Akavitazama vidole vyake. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani kumtetea, niseme alifundishwa hivyo, na kwamba bila unga ule leo kusingekuwa na filimbi, kungekuwa na vumbi. Yote hayo ni kweli. Lakini ukiwa umesimama karibu na mtu anayemwona baba yake akitoka maji meupe, maneno hayo hayatoki.

Nilimpeleka Ouma kwenye bomba la pale ghalani, nikamnawisha kwa sabuni mpaka viwiko kama mtoto, nikamvua kile kiatu nikakiosha. Kisha nikamwambia, "Sasa toa hiyo nyingine."

Hakubisha. Akaitoa kwenye mfuko wa kushoto. Pacha kabisa! Ngozi ya kenge, rangi, hata mkunjo mdogo wa mwisho wa utepe. Nikaichukua nikaitazama mashimo. Alikuwa ameyachonga yalike upande mmoja. Nikahisi uchungu na heshima kwa pamoja.

"Nilikuwa nataka kubadilisha," akasema polepole. "Niwaachie hii, niende na ya mzee, nimpulizie mathe kwa nyumba, asikie ile ya ukweli. Nilidhani mnadanganya juu ya sumu. Ningeiweka kwa mdomo, auntie. Leo jioni ningeiweka kwa mdomo."

Askari alikuwa hatua chache kutoka pale. Ningekohoa tu angekuja. Mutiso aliniangalia, na mimi nikamwangalia Mutiso. Sikukohoa. Na hapo sauti ikatoka kwenye veranda.

"Ouma! Mbona kimya? Wamekunyima?"

Ouma aliigeukia sauti, kisha akanigeukia mimi. Alibaki ameishika filimbi yake ya uongo, macho yake kwangu kama vile mimi ndiye mwenye mama. Mimi CID. Mimi niliyetembea kutoka Kawangware kwa ajili ya kumkamata.

"Enda na hiyo yako," nikamwambia. "Enda kabla hajaingia."

Akatoka, akaketi karibu na mama yake, akainywesha maji yaliyobaki kwenye chupa. Yakatoka safi. Akapuliza. Mimi si mtu wa muziki, nimeishi na ala kama mtu anavyoishi na vyombo vya jikoni, lakini niliposikia sauti ile ya chini, yenye unyevu, nywele za mikono zilisimama. Wasichana wa ofisi walichungulia madirishani. Mutiso alibaki mlangoni, hakuvuka kizingiti.

Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa. Wimbo ulipoisha hakumgeukia mwanawe. Aliinua uso upande niliposimama.

"Binti ya Maragoli. Wewe ndiwe unatunza hivi vitu. Niambie ukweli. Hii ni ile?"

Kazi yangu yote ilikuwa swali hilo. Wasomi waliniuliza, wauzaji waliniuliza, na sikuwahi kumpendelea mtu.

"Ni yenyewe, mama," nikasema.

Bibi akacheka. Kicheko kikamkwama kifuani, Ouma akamshika mgongo mpaka pumzi ikarudi. "Kumbe wewe ni mwongo kama huyu," akasema. "Ya Baba Ouma haikuwa nzuri hivi. Ilikuwa inakohoa. Akifika katikati ya wimbo, pale alipofunga na kenge panavuja, inakohoa kama mzee wa tumbaku, watu wanacheka. Miaka yote. Nilimwambia atafute tete lingine, akakataa."

Ouma aliitazama ile filimbi aliyoitengeneza kwa ustadi wote alionao. Kisha akatoa kisu chake cha viatu, akainua ukingo wa ngozi ya kenge kwa ncha, akakikandamiza kwenye tete mpaka likalia na kupasuka. Akairudisha ngozi kwa kidole gumba. Akaanza wimbo ule ule upya.

Katikati filimbi ikakohoa. Sauti ilikatika, ikatoa upepo mtupu, ikarudi kwa shida.

Bibi aliacha kucheka. Akageuza uso, si kwa Ouma, kwa upande mwingine wa benchi ambako hakukuwa na mtu, akaanza kusema kwa Kijaluo, haraka, kwa ukali, kidole kikinyooka. Alisema kwa muda mrefu. Ouma aliilaza filimbi mapajani.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

Akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Anamgombeza mzee," akasema. "Anamwambia chakula kimepoa."